Wanaokuambia Uwe Alfa Wamesoma Nyani Mmoja Tu

Kuna stori inazunguka sana mitandaoni na najua imekufikia. Jamaa amekaa mbele ya maikrofoni kubwa, taa za zambarau nyuma yake, anakuambia hivi: wanyama wote wanaoishi kwa makundi wana mbabe mmoja. Huyo mbabe ndiye anakula kwanza, ndiye anapata majike, ndiye anaamua kundi liende wapi. Wengine wote ni wasindikizaji. Binadamu naye ni mnyama, kwa hivyo kaka, chagua upande. Halafu mwisho wa video kuna kozi ya kulipia.

Leo sitaki kubishana na huyo jamaa kuhusu wanawake. Nataka kubishana naye kuhusu nyani, kwa sababu hapo ndipo anapotoa ushahidi wake, na hapo ndipo amepotea kabisa. Tena amepotea hapa hapa kwetu. Sehemu kubwa ya hiyo hadithi ya mbabe wa kundi ilitengenezwa Nairobi, ndani ya ile mbuga unayoiona uking'ang'ana na jam ya Lang'ata. Kisha ikabomolewa kidogo kidogo Uganda, Gilgil, Maasai Mara, Amboseli na Laikipia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, hakuna darasa lililonipa hii historia, nimeiokota usiku kwa simu. Lakini ni historia yetu, na inauma kuona watu wanatuuzia kipande chake kilichooza.

Neno lenyewe "alfa" tulimalize haraka, kwa sababu halikuanza kwa nyani. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu wa nchi za baridi waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani ya wanyama mjini Basel, Uswisi. Aliwaona wakipigania ukubwa. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech akaandika kitabu kikubwa kuhusu mbwa mwitu, na neno likasambaa dunia nzima. Baadaye Mech akaenda kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akakaa na mbwa mwitu walio huru. Akakuta nini? Kundi ni baba, mama na watoto wao. Hakuna aliyepigana ili awe mkubwa, walizaa tu. Mwaka 1999 aliandika wazi kwamba neno alfa halifai kwa kundi kama hilo. Wale wa kizimbani walikuwa wageni waliolazimishwa kuishi pamoja bila mlango wa kutokea. Weka watu kumi wasiojuana kwenye seli moja, uwaangalie wiki mbili, halafu utangaze kwamba umegundua jinsi familia inavyoishi. Ndiyo hiyo.

Sasa kwa nyani, makosa yalianza na kizimba pia. Mwaka 1925 bustani ya wanyama ya London ilijenga mlima wa mawe bandia na kuuweka nyani karibu mia moja wa aina ya hamadryas, wale wenye manyoya kama koti mabegani, ambao kwao ni upande wa Ethiopia na Uarabuni. Karibu wote walikuwa madume. Ikawa vita. Mwaka 1927 wakaletwa majike 30, na madume wakawararua wakiwagombania. Solly Zuckerman, daktari kijana kutoka Afrika Kusini, aliyaangalia hayo yote, na mwaka 1932 akatoa kitabu kuhusu maisha ya kijamii ya nyani. Ujumbe uliobaki vichwani mwa watu ulikuwa huu: kinachowaunganisha nyani ni ngono, na kinachowapanga ni nguvu.

Kumbuka hao hamadryas ni aina nyingine. Kwao porini kila dume hukaa na majike wachache wake, na familia nyingi kama hizo ndizo hujenga kundi kubwa. London waliwachanganya kama karata, wakashangaa kuona damu.

Hadi hapo unaweza kusema sawa, hiyo ilikuwa jela, lakini porini je? Swali zuri. Ndiyo maana mwaka 1959, Kenya ikiwa bado koloni, Sherwood Washburn na mwanafunzi wake Irven DeVore walikuja Afrika Mashariki kuwaangalia nyani walio huru. DeVore alifanya kazi kubwa kwenye mbuga ya Nairobi. Hawa sasa ndio nyani wetu, Papio anubis, wale wa rangi ya zeituni wanaokaa kando ya barabara ya Nakuru wakisubiri mtu arushe ndizi dirishani. Washikilie hao kichwani, kwa sababu kuanzia Nairobi hadi Ishasha, Gilgil, Mara na Mpala, wote nitakaowataja ni wa aina hiyo moja. Amboseli peke yake ni binamu zao wa manjano, na nikifika huko nitakuambia.

Picha waliyoichora Washburn na DeVore mwaka 1961 ilikuwa safi kama bango la jeshi. Kundi likitembea kwenye uwanda, madume wakubwa wako katikati na majike na watoto, vijana wako pembeni na mbele kama walinzi. Chui akitokea, madume wakubwa wanajipanga kati yake na watoto. Juu kabisa wapo madume wachache wanaoshirikiana, na amri inashuka kutoka kwao. Majike hawana mengi ya kusema. Na kwa sababu binadamu wa kale naye alishuka kutoka mitini akaingia uwanda wa nyasi, watu wakaona wamepata kioo cha babu zetu.

Mwaka huo huo wa 1961, Robert Ardrey, mwandishi wa michezo ya kuigiza na filamu kutoka Chicago, alichapisha kitabu kilichosema kwamba binadamu ametokana na nyani muuaji, na kwamba mipaka, silaha na ubabe viko kwenye damu. Kilisomwa sana. Ardrey hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mtu wa hadithi mwenye kipaji na soko. Kwa lugha ya leo, kontenti krieta. Simchukii, kazi ni kazi. Lakini hapo ndipo nyani wa uwanda alipotoka kwenye daftari akaingia vichwani mwa watu, na hadi leo hajatoka.

Wakati dunia inasoma Ardrey, kulikuwa na mwanamke Mwingereza anaitwa Thelma Rowell, akifanya kazi Makerere, Kampala. Mapema miaka ya 1960 alikuwa akiwafuata nyani huko Ishasha, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Nyani wale wale wa zeituni. Tofauti ni mazingira tu: huko kuna mto, na kando ya mto kuna msitu, kwa hivyo kila mara kuna mti wa kupanda.

Rowell alitafuta lile jeshi la Nairobi, hakuliona. Alitafuta ngazi ya ukubwa kati ya madume, akakuta hata kuipanga ni shida, kwa sababu madume hawakuwa wakigombana vya kutosha kumwezesha kujua nani anamzidi nani. Na hatari ilipotokea? Kila mtu mbio. Madume, kwa sababu wana miguu mirefu na hawajabeba mtoto, walikuwa mbele kabisa, na waliobaki nyuma ni kina mama wenye watoto wazito mgongoni. Kuhusu kundi lielekee wapi asubuhi, aliona wazee wa kike wakiwa na uzito mkubwa. Wao ndio wanaokaa kundini maisha yote, wanajua mti gani umeiva na maji yako wapi. Dume kwa kawaida huzaliwa kundi moja akahamia jingine akikua. Yeye ni mpangaji, majike ndio wenye nyumba.

Kisha Rowell akafanya kitu ambacho mimi naona ni cha akili sana. Alilinganisha nyani wa porini na nyani wa aina hiyo hiyo waliofungiwa kizimbani, akahesabu. Wa kizimbani walikuwa na ugomvi na vitisho vingi zaidi sana, na ngazi ya ukubwa ikaonekana wazi. Kwa hivyo ile ngazi ambayo watu walisema ni asili ya nyani ilikuwa inakolea kadiri unavyomnyima nafasi ya kuondoka na kadiri chakula kinavyotoka kwenye bakuli moja.

Ungedhani hapo mjadala umeisha. Wapi. Wengi waliendelea kusema nyani wa Ishasha ni wa ajabu, ni wa msituni, nyani halisi ni yule wa Nairobi. Hapa ndipo nataka usimame kidogo. Walikuwa na makundi mawili ya aina moja, wakaamua moja ni kanuni na lingine ni kasoro. Hakuna aliyeuliza kwa nini lile la Nairobi lisiwe ndilo kasoro. Mbuga iliyopakana na jiji, yenye miti michache, simba wengi, na magari ya wageni kila siku. Hayo ndiyo mazingira "ya kawaida"?

Kulikuwa na tatizo lingine, la macho. Jeanne na Stuart Altmann walifika Amboseli mwaka 1963, na kuanzia 1971 wakaanza utafiti ambao unaendelea hadi leo. Huko nyani ni wale wa manjano. Mwaka 1974 Jeanne, ambaye alikuwa amesoma hesabu, aliandika makala kuhusu jinsi ya kuangalia wanyama. Inaonekana kitu kidogo lakini ilibadilisha kila kitu. Alisema ukikaa tu hapo ukiandika chochote kinachovutia jicho, utaandika fujo. Madume wawili wakionyeshana meno wanapiga kelele, kila mtu anageuka. Jike anayechambua manyoya ya mwenzake kwa nusu saa hana kelele, humwandiki. Kwa hivyo dawa ni hii: chagua mnyama mmoja kabla, mfuate kwa dakika zilizopangwa, andika kila anachofanya hata kama ni kulala, kisha uhamie kwa mwingine.

Mimi nafanya kazi kwenye mitandao, najua hilo tatizo ndani nje. Algoriti inaangalia mtaa vile watafiti wa zamani walivyoangalia nyani. Inaokota ngumi. Vijana ishirini wakikaa kwa duka la Mama fulani wakicheka kutoka saa kumi hadi usiku, hiyo si video.

Haya, tuende Gilgil. Mwaka 1972 mwanafunzi wa Washburn mwenyewe, Shirley Strum, alikuja kwenye shamba la mifugo la Kekopey. Ndiyo, ni upande huo huo wa Kikopey unaosimama kula nyama choma ukienda Nakuru. Alikuja akitarajia kukuta mfano wa mwalimu wake. Uwanda upo, nyasi zipo, nyani ni wale wale wa zeituni. Lakini uongozi wa madume hakuupata. Madume wageni waliokuja na nguvu na fujo waliweza kumtisha mtu, ila kushinda ugomvi hakukuwapa walichotaka. Waliofanikiwa na majike walikuwa madume waliokaa muda mrefu, wale waliojenga urafiki: anakaa karibu na jike fulani, anamchambua manyoya, anambebea mtoto, anamtetea. Akija mbabe mpya, huyo mzee anamchukua mtoto anayemzoea, anamkumbatia kifuani, na mbabe anapoa, kwa sababu mtoto akilia kundi zima linamrukia. Wasomi walichukua miaka kumkubalia Strum. Mwalimu wake mwenyewe alikuwa na kazi ya kumeza.

Halafu historia ya Kenya ikaingia kati. Shamba la Kekopey likauzwa, wakulima wadogo wakagawana ardhi, mahindi yakapandwa pale palipokuwa na malisho. Ukweli lazima usemwe: mkulima aliyekopa pesa ya mbegu akaamka kukuta nusu ekari imeliwa hana haja na falsafa ya nyani, na mimi siwezi kumlaumu. Lakini angalia kilichotokea ndani ya kundi. Baadhi ya nyani wakaanza kuvamia mashamba, wengine wakabaki kula nyasi na mizizi kama zamani. Kundi likapasuka, na wavamizi wakawa kundi lao. Watafiti wakalipa jina la Kiswahili: Wabaya. Nyani wa ukoo mmoja, bonde moja, mwaka mmoja, na sasa mbogi mbili zenye maisha tofauti, kwa sababu tu upande mmoja wa ua kuna mahindi. Mwaka 1984 Strum alilazimika kuwahamisha zaidi ya nyani 100 hadi Laikipia, kukavu zaidi, na huko wakajifunza upya nini cha kula, sehemu ya elimu hiyo wakiipata kwa madume wenyeji waliohamia kwao.

Sasa tumefika Mara, na hii ndiyo sehemu inayonifanya niandike.

Robert Sapolsky alianza kufuata nyani kule mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa anatafiti msongo, yaani ile presha ya mwili. Anamdunga dume sindano ya usingizi, anachukua damu, anapima homoni. Kundi lake aliliita kundi la Msituni. Lilikuwa kundi la kawaida, na kwa kawaida namaanisha baya: dume mkubwa akishindwa na mwenzake, anageuka anampiga mdogo, mdogo anampiga jike, jike anampiga mtoto. Walio chini walikuwa na damu iliyojaa homoni za presha kila siku.

Jirani yao kulikuwa na loji ya watalii yenye jaa la taka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 jaa hilo likapanuka. Kundi lingine lilihamia pale, likawa halitembei tena, linaamka saa tatu linasubiri trekta ilete mabaki. Baadhi ya madume wa kundi la Msituni wakaanza kwenda huko kila alfajiri kupigania chakula. Si wote. Ili uende, ilibidi uwe mgomvi wa kutosha kuingia kwenye uwanja wa watu na kupigana na wenyeji. Na ilibidi usiwe na haja na kikao cha asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo saa ya nyani kukaa pamoja na kuchambuana manyoya kabla ya safari ya siku. Kwa hivyo waliokwenda walikuwa na sifa mbili: fujo, na kutojali wenzao.

Kisha ikaja nyama ya ng'ombe wenye kifua kikuu. Ikatupwa jaani. Kati ya 1983 na 1986 TB ikapita pale kama moto. Kundi la jaani likaisha karibu lote. Kwenye kundi la Msituni wakafa madume waliokuwa wakienda jaani, karibu nusu ya madume wote wazima, na hakufa mwingine. Waliobaki ni majike, watoto, na madume wapole.

Kundi likabadilika mara moja. Ngazi ya ukubwa haikufutika, usinielewe vibaya. Madume waliokaribiana kwa cheo waliendelea kusukumana. Kilichopungua ni ile tabia ya kumshukia mdogo asiye na hatia kwa sababu umeamka vibaya. Madume wakaanza kukaa karibu na wenzao na kuchambuana zaidi, na damu za walio chini hazikuwa tena na ile alama ya presha.

Hadi hapo bado unaweza kusema sawa, wabaya wamekufa, wazuri wamebaki, hesabu rahisi. Lakini kumbuka madume huhama. Sapolsky aliliacha kundi hilo kwa miaka kadhaa, akarudi kulifuatilia mwaka 1993. Kufikia wakati huo hakukuwa na dume hata mmoja kati ya wale walionusurika. Wote waliokuwepo walizaliwa kwingine, kwenye makundi ya kawaida ya vipigo, wakahamia pale wakiwa vijana. Na kundi lilikuwa bado pole. Yeye na Lisa Share walichapisha hayo mwaka 2004, wakililinganisha na kundi lingine la jirani ambalo halikuwa na historia hiyo.

Nani aliwafundisha hao vijana? Hakuna aliyewakalisha darasani. Maelezo yanayonishawishi ni haya: majike ambao hawapigwi ovyo hawana hofu, na asiye na hofu humkaribisha mgeni mapema. Kwenye makundi mengine kijana anayefika hukaa wiki nyingi pembeni akipigwa na kupuuzwa, na anajifunza kwamba dunia ni hivyo. Pale Msituni majike waliwasogelea wageni na kuwachambua manyoya mapema zaidi. Kijana aliyekuja na ngumi anakuta hakuna anayezihitaji.

Wapo wanaosema hili ni tukio moja, ajali moja, kundi moja, huwezi kujenga kanuni juu yake. Kweli. Pia majike walikuwa wengi kuliko madume, na hilo pekee lingeweza kupunguza ugomvi. Nakubali pia. Lakini hoja ya jamaa wa maikrofoni ni kwamba haiwezekani kabisa, na kuvunja "haiwezekani" kunahitaji kundi moja tu.

Kwa nini basi nyani wa aina moja waishi hivi hapa na vile kule? Ukikusanya hizi mbuga zote unaanza kuona kwamba ubabe ni kama biashara, unafunguliwa pale unapolipa. Huwezi kulinda nyasi. Uwanda mzima una mizizi na majani madogo madogo, kila mmoja anachimba yake, ukimfukuza mwenzako umepata nini? Lakini bakuli la kizimbani unaweza kulilinda. Lori la mabaki unaweza kulikalia. Chakula kikiwa kingi mahali padogo, mabega mapana yanaanza kuwa na faida. Kikitawanyika, faida inahamia kwa mwenye kumbukumbu na marafiki.

Upande wa pili kuna hofu. Palipo na simba na chui na miti michache, kundi kubwa ni usalama, macho mengi. Palipo na mti kila hatua kumi, unaweza kulegea. Ila ukubwa una bei yake. Watafiti wa Amboseli waliangalia makundi kadhaa kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba kundi kubwa sana linahitaji eneo kubwa zaidi na miili yake ina presha, na kundi dogo sana lina presha pia, kwa sababu linaogopa wawindaji na linafukuzwa na majirani. La katikati ndilo linapumua. Na hiyo katikati haikai mahali pamoja, kwa sababu mvua na majirani hawakai mahali pamoja.

Amboseli hao hao ndio wenye habari ambayo wauza kozi wangeificha. Niwe mkweli: kule dume mwenye cheo cha juu kwa kawaida huzaa watoto zaidi. Cheo si upuuzi. Lakini mwaka 2011, baada ya kupima homoni za madume 125, walikuta yule wa kwanza kabisa ana presha ya juu kiasi kile kile cha walio chini kabisa. Wa pili yake yuko sawa, anakula vizuri, analala. Yule wa juu anachunga kiti chake usiku na mchana.

Na nani anaongoza safari? Mwaka 2012, kwenye kituo cha Mpala, Laikipia, watafiti waliwafunga nyani 25 wa kundi moja la zeituni kola za GPS zinazorekodi mahali walipo kila sekunde. Karibu kundi zima la wakubwa lilikuwa na kola. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na haja ya mtu kukisia nani amemfuata nani, mashine iliandika. Matokeo yalitoka 2015, na dume mkubwa hakufuatwa kuliko wengine.

Kinachotokea ni hiki. Mmoja anatoka, yeyote, anatembea hatua kadhaa, anasimama. Wakimfuata, safari imeanza. Wasipomfuata anarudi, anakaa, hakuna aliyeaibika. Wawili wakienda pande zilizokaribiana, kundi linapita katikati yao. Wakienda pande zinazopingana, haligawanyi tofauti, linachagua upande mmoja, na mara nyingi ni ule wenye wengi. Na katika hiyo hesabu ya asubuhi, yule mwenye meno marefu kuliko wote ni kura moja.